Pombe Isiyongoja Kesho

Basi liliniacha Himo saa tisa alasiri. Nikapanda Hiace ya Marangu Mtoni nikiwa nimepakata ndoo nyeupe yenye mfuniko, na ndani ya ndoo haidromita, chombo cha kupimia sukari ya kinywaji, iliyoviringishwa kwenye soksi ili isivunjike. Miguuni nilikuwa na kilo tano za ulezi nilizonunua sokoni Moshi. Gari lilivyokuwa likipanda, joto la tambarare lilibaki nyuma, na kila kona migomba ilizidi kusogelea barabara. Ilikuwa Desemba, mwezi ambao Wachagga hurudi nyumbani, na kila abiria alikuwa na mzigo wa kupeleka kwao. Mimi si Mchagga wala sikuwa na kwetu huko. Nilikuwa nakwenda kujifunza kupika mbege.

Nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, nina miaka saba nikichachua vinywaji. Nilianza na choya: maua makavu, sukari, maji ya moto yaliyopoa, kijiko cha hamira. Nikahamia nanasi, kisha asali. Siuzi, kuuza ni jambo lenye leseni na sheria zake. Nafanya kwa sababu napenda. Napenda ile saa nne ya usiku watoto wamelala, redio ya jirani imezimwa, na kutoka chini ya meza ya jikoni nasikia jaba likitoa povu moja, likitulia, likitoa lingine. Kuna kitu hai mle ndani kinachofanya kazi wakati mimi nimekaa. Mwanzoni nilikuwa na haraka. Nilifunga kwenye chupa za kioo choya ambayo bado ilikuwa na sukari, na usiku mmoja chupa nne zikapasuka stoo. Tangu hapo sifungi chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo.

Ila bia ya nafaka ilinishinda. Tunda na asali vina sukari tayari. Ukiweka maji na hamira, kazi imeanza. Nafaka ina wanga, na hamira haili wanga. Lazima kwanza nafaka yenyewe ikubali kugeuka sukari, na hilo linahitaji kimea. Mara tatu niliotesha ulezi Tabata, na mara tatu ukaota ukungu badala ya mizizi. Rafiki yangu wa kazini, mtu wa Marangu, aliponiona natupa sinia la tatu akasema, "Mama yangu mkubwa anapika mbege tangu sijazaliwa. Nenda ukae naye wiki moja."

Kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba, kiko chini kidogo ya barabara. Migomba juu, mibuni chini yake, magimbi chini ya mibuni, na mfongo wa maji ukipita pembeni kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimefundishwa salamu njiani. "Shimbonyi, mae," nikasema, na yeye akacheka kwa furaha akajibu kwa Kichagga kirefu nisichokielewa, kisha akanirudia kwa Kiswahili: "Karibu mwanangu. Ulezi uko wapi?"

Aliumwaga kwenye ungo, akapepeta, akachota ngumi moja akaupeleka puani. Akachota sehemu nyingine. Alipofika kwenye ulezi uliokuwa chini ya mfuko, akasimama. Kilo kama moja hivi ilikuwa imeingiwa na unyevu, sijui sokoni au kwenye basi, na harufu yake ilikuwa kama ya kabati lililofungwa muda mrefu. Akaiweka kando. Nikasema labda tuianike juani, itakauka. Akanitazama.

"Mwanangu, hii watu watakunywa."

Hakuongeza neno, na wala hakuhitaji. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, ambako Januari 2015 watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilidhaniwa ni sumu ya nyongo ya mamba. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria aliyeota humo alikuwa ametengeneza sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Aliyeipika naye alikufa. Kwa hiyo nilipomwona mama yule akimwaga kilo yangu ya ulezi shimoni, mbali hata na kuku, nilijua nimefika kwa mwalimu.

Ulezi mzuri uliobaki aliuloweka jioni ileile. Jumapili baada ya kutoka kanisani akauchuja, akautandaza juu ya majani ya mgomba kwenye kona yenye giza, unene wa vidole viwili, akaufunika kwa majani mengine. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la Tabata. Mimi nilikuwa nikiurundika kwenye sinia la bati, unene wa kiganja kizima, na kuunyunyizia maji kila nilipokumbuka. Ulezi unaoota hutoa joto. Ukiuweka mwingi mahali pamoja unajipika wenyewe, na ukungu unapata nyumba. Mama alikuwa akiingiza mkono chini ya majani asubuhi na jioni, na kila akihisi joto anaugeuza kwa vidole vilivyo wazi, taratibu, kama anayechana nywele za mtoto.

Jumatano asubuhi alinifunulia. Kila punje nyekundu ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mwembamba kuliko uzi, na mizizi hiyo ilikuwa imeshikana hata ukiinua upande mmoja zulia zima linakuja. Harufu ilikuwa ya tango lililokatwa sasa hivi. Niliweka punje chache mdomoni. Siku nne nyuma zilikuwa mchanga. Sasa zilikuwa na utamu mdogo nyuma ya ulimi. Ndani ya punje vimeng'enya vimeamka ili kugeuza wanga kuwa chakula cha mche mchanga, na mpika pombe huwahi hapo, akauanika ulezi kabla mche haujala kila kitu. Huo ndio ujuzi wote wa kimea: kujua siku ya kusimamisha. Mama aliijua kwa urefu wa mzizi. Kimea hicho huko wanakiita mso, na neno lenyewe mbege ni jina la ulezi kabla ya kuwa jina la pombe.

Ndizi zilikuwa zimevundikwa tangu kabla sijafika, zimeiva hadi maganda yana madoa meusi. Jumatatu tulizimenya, tukazitia kwenye pipa na maji, tukawasha kuni. Zilichemka kutwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kukoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na moshi ulinikalia machoni mpaka jioni. Rangi ilitoka kwenye njano ikaenda kahawia, kisha nyekundu ya udongo wa Rombo. Zilipopoa zikafunikwa na kuachwa. Hakuna aliyetia hamira. Pipa, mwiko, hewa ya jikoni na mikono ya mama vilitosha, na kufikia Jumatano uso wa pipa ulikuwa umeumuka na kupasuka kama matope yaliyoanza kukauka, kila ufa ukipumua.

Nilipokuwa nimekaa na pipa lile nilikumbuka jambo ambalo naona kila Mswahili angepaswa kulijua. Mwaka 1893 mtaalamu wa Ujerumani, Paul Lindner, alichunguza mashapo ya pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta humo aina ya hamira isiyojulikana, isiyochipua kama hamira nyingine bali inayojigawa katikati. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Jina la pili ni neno letu, kama lilivyo. Hamira hiyo ikawa kiumbe cha maabara dunia nzima, na Mwingereza Paul Nurse aliitumia kufumbua jinsi seli zinavyoamua kujigawa, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Elimu hiyo inahusu saratani, inahusu kila mwili ulio hai. Na mlango wake ulikuwa chini ya chombo cha pombe kutoka kwetu, iliyopikwa na mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Mimi naamini alikuwa mwanamke.

Ijumaa jioni ndipo mambo yote mawili yalipokutana. Ndizi zilikamuliwa na kuchujwa, tukapata maji mazito yenye uchachu na utamu. Kimea kilichokwisha kusagwa kikapikwa uji, uji ukaachwa upoe mpaka kidole kinavumilia, kisha ukamiminwa kwenye maji ya ndizi. Mwisho likaja gome la msesewa. Mti huu kwa kitaalamu ni Rauvolfia caffra, na gome lake ni chungu kweli. Kazi yake kwenye mbege inafanana na ya hopsi kwenye bia ya chupa, kukata utamu na kuizuia isiharibike upesi. Ni mti wenye dawa kali, kwa hiyo haupimwi kwa kubahatisha. Mama alitia maji yake kidogo, akaonja, akatulia, akaongeza kidogo tena, akasema basi. Nikamwomba nipime alichotia nikiandike. Akaniruhusu, ila akaniambia kila gome lina uchungu wake, na mwaka kesho kipimo hicho kitanidanganya.

Usiku ule nililala chumba kilicho karibu na jiko. Sauti ya pipa si kama ya jaba langu. Ni sauti pana, ya mvua ndogo juu ya majani makavu.

Jumamosi asubuhi mbege ilikuwa tayari. Mama alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, ndipo kata ikaanza kuzunguka. Tulikuwa sita, baadaye kumi, baadaye sikuhesabu. Ni kinywaji kizito, chenye chembe za ulezi zinazopita ulimini. Kwanza unakutana na uchachu, halafu utamu wa ndizi, na ukishameza ndipo uchungu wa msesewa unakuja kufunga mlango. Nguvu yake si kubwa. Unashiba kabla hujalewa. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka Mwika alipokea kata, akainamisha kichwa akamwambia mama "aika mae", akanywa kwa utulivu mkubwa, kisha akaanza kueleza ilivyo tofauti na ya ndugu zake wa Rombo.

Niliuliza kama naweza kubeba lita tano kwenda nazo Dar. Wakacheka wote. Mbege haikai. Kesho yake inakuwa kali, keshokutwa inakuwa siki, na kwenye basi la saa kumi ingefumua mfuniko. Pombe inaendelea kuchacha. Haina kiwanda cha kuiua na kuifungia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mlango wa mama haukufungwa siku ile, na kwa nini alikuwa amewaambia majirani tangu Jumatano. Ukipika pipa zima la kinywaji kisichongoja kesho, huna namna ila kuwa na majirani. Miaka saba nilikuwa nikijivunia chupa zangu zilizopangwa stoo kwa tarehe, nyingine sijazifungua hadi leo. Nilikuwa nimejifunza kuhifadhi. Sikuwa nimejifunza kuita watu.

Wapo watakaosema nasifu ulevi. Hapana. Ulevi naujua, nimeuzika katika ukoo wetu. Lakini tumezoea kuweka pombe yote ya nyumbani kapu moja na gongo, na hilo si sawa. Gongo hukenekwa, hukusanya kilevi hadi kiwe kikali, na pale inapopikwa gizani na kuchanganywa visivyojulikana ndipo watu hupofuka na kufa. Kuchachua ni kazi nyingine kabisa, ya polepole, ya nguvu ndogo, na katika nyumba niliyokaa ilifanywa mchana kweupe na mama mwenye heshima kanisani kwake. Watoto pale walipewa togwa, kabla haijachacha, na kata haikuwapitia.

Juni iliyofuata nilikwenda upande mwingine wa nchi. Dodoma, Manyoni, Itigi, halafu zile saa ndefu za msitu hadi Tabora, na siku ya pili Sikonge. Huko ndizi si habari kuu. Habari ni asali. Miyombo na mitundu inakwenda hadi macho yachoke, na juu ya matawi unaona mizinga ya magome, mapipa ya kahawia yanayoning'inia kama vibuyu vya majitu. Nilifikia kwa mzee Mnyamwezi, mrina asali, niliyeunganishwa naye na mtu ninayenunua asali kwake Dar. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu, naye akaniuliza kama najua kupanda mti. Sikujua.

Sitaeleza urinaji. Nataka kueleza kilichofuata, maana ndicho kilichonileta. Asali ikishakamuliwa, masega hubaki yakinata. Mzee aliyaosha kwa maji ya uvuguvugu, akakamua, na maji hayo yenye asali na chavua ya nyuki ndiyo yakawa mwanzo wa wanzuki. Asali yenyewe haichachi. Maji yake hayafiki sehemu moja kwa tano, na katika uzito huo hamira hulala. Ukiongeza maji inaamka. Alikuwa akiongeza asali kidogo kidogo na kuonja. Nami nikatoa haidromita yangu. Maji matupu husoma 1.000, yake yalisoma 1.080 pale aliposema, "Sasa." Hicho ni kipimo ambacho ningekichagua mimi kwa kinywaji cha nguvu ya kadiri. Yeye alikipata kwa ulimi. Alipoona naandika namba ile akaniomba nimsomee, akairudia mara mbili kwa sauti, akafurahi kwamba ulimi wake una namba.

Hamira yake ilikuwa machicha ya pombe iliyopita, yaliyokaushwa ndani ya kibuyu kidogo alichokitundika juu ya moto. Hilo lilinikumbusha Wakikuyu na muratina yao, pombe ya asali inayochachuliwa kwa matunda makavu ya mwegea, ule mti unaoning'iniza matunda marefu mazito kwa kamba zake. Tunda hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa, na nyuzi zake hushika hamira. Pombe ikiisha, tunda huanikwa tena lingoje mwito wa pili. Watu walitunza mbegu ya pombe kama wanavyotunza mbegu ya mahindi, kabla ya kuwapo pakiti ya dukani.

Wanzuki ya siku ya tatu ilikuwa bado tamu, inachemka ulimini, rangi ya chai ya maziwa. Ile niliyoiacha Tabata ikinisubiri, ya asali ileile ya Sikonge na maji, kilo moja kwa lita tatu, ilikuwa na miezi mitatu, kavu, angavu, unaona herufi za gazeti kupitia chupa. Mzee nilimpelekea chupa moja ya yangu. Alinyanyua kioo juani, akanywa funda, akakaa nayo kinywani muda mrefu. "Nzuri," akasema. "Lakini hii imeshamaliza kuongea." Yake ya siku ya tatu ilikuwa bado inaongea, kweli. Mimi nazipenda zote mbili, na ningebishana na yeyote anayesema moja ni ya kisasa na nyingine ya kizamani. Kazi ya hamira ni ileile, asali ni ileile; tofauti ni siku uliyochagua kunywa.

Anayetaka kuanza, naona asali ndiyo rafiki wa kwanza. Kilo moja ya asali safi, lita tatu za maji yaliyochemshwa yakapoa, hamira kidogo, chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, na mfuniko usiobana, hewa ipate kutoka. Zabibu kavu chache husaidia. Ngoja miezi mitatu. Usifunge kioo mapema, chupa zangu nne zilikwisha kukulipia ada. Nafaka ije baadaye, na ukifika kwenye nafaka, nusa hadi chini ya mfuko.

Ulezi wangu wa mwaka huu uliota. Niliutandaza vidole viwili juu ya majani ya mgomba niliyoomba kwa jirani wa nyumba ya tatu, nikaupima joto kwa mkono asubuhi na jioni. Mbege niliyoipata haikufika ya Marangu. Msesewa ulizidi kidogo, kama nilivyoonywa. Lakini jirani wa majani alikuja, na mkewe, na fundi wa mtaani, na wazee wawili wa upande wa pili ambao tangu nihamie pale tulikuwa tukipungiana mikono tu. Kufikia magharibi ndoo ilikuwa tupu.

Mama wa Marangu ana miaka sabini na minane. Binti zake wote wako mijini, na hakuna hata mmoja aliyeandika kipimo chake cha msesewa. Daftari ninalo mimi, mgeni. Kama nyumbani kwenu yuko bibi, mama mkubwa au babu anayejua kupika mbege, wanzuki, muratina, busaa au lubisi, Desemba hii usiishie sebuleni. Ingia jikoni kwake, kaa wiki nzima, na uchukue kalamu.